Nilivyopoza chumba cha uyoga bila kiyoyozi

Aliyeniuzia mbegu za uyoga aliniambia: "Mama, Dodoma hii ukitaka uyoga wa Oktoba nunua kiyoyozi, la sivyo subiri Juni." Kiyoyozi, kwa mifuko 120! Bili ya umeme ingemeza mauzo yote, na hewa yake ni kavu, wakati uyoga mamama, aina ninayopanda, unataka unyevu wa asilimia 80 na zaidi. Ushauri wa namna hii unawakatisha watu tamaa bure, na mimi ulikaribia kunikatisha.

Chumba changu kiko Nzuguni: tofali za kuchoma, bati, hakina dari. Habari za kuchemsha mabua ya mtama, kuyajaza kwenye mifuko na kupanda mbegu humo sitazieleza hapa. Saa nane mchana kipimajoto kilichoning'inia katikati ya chumba kilisoma nyuzi 36. Siku moja nikakichomeka ndani ya mfuko wenyewe, pale utando mweupe wa uyoga ulipofika nusu. Kikapanda hadi 39. Nilishtuka. Utando ule una uhai, unapokula mabua unatoa joto lake wenyewe, nami nilikuwa nimeipanga mifuko imebanana kama magunia ya ghalani. Kumi na minne iliingia ukungu wa kijani, nikaenda kuifukia mbali. Iliyobaki niliiachanisha, mkono uweze kupita kati ya mfuko na mfuko. Kazi hiyo haina gharama, na mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie hapo.

Kisha nikaleta feni ya sebuleni. Jirani alisema upepo ndio dawa. Niliiweka mlangoni ikipuliza ndani, ikawaka siku mbili usiku na mchana. Siku ya tatu nikakuta vichwa vya uyoga vilivyoanza kuchomoza, vidogo kama vichwa vya njiti za kiberiti, vimekauka na kuwa kahawia. Ukivigusa vinakatika. Joto halikushuka hata nyuzi moja, kwa sababu feni ilikuwa inavuta hewa ya moto ya nje na kuizungusha mle mle. Vile vichwa viliniuma kuliko ile mifuko niliyofukia.

Nikageukia bati. Nilikoroga chokaa na gundi ya mbao kidogo ili mvua isiioshe, nikapaka mikono miwili. Chini ya bati nikatandaza dari ya magunia. Vyote havikufika elfu hamsini. Mchana uliofuata, nyuzi 31. Usiku Dodoma kuna baridi, kwa hiyo jua likizama nafungua matundu yote yenye wavu, na saa mbili asubuhi nayafunga.

Ila 31 bado ni nyingi. Hapo ndipo nikakumbuka kabati la mkaa ambalo bibi alihifadhia mboga na maziwa. Nikabomoa dirisha la mashariki, upande unakotoka upepo wetu, nikatengeneza fremu ya mbao yenye waya wa kuku pande zote mbili, nafasi ya katikati upana wa kiganja. Nikaijaza mkaa. Msitumie chenga, zinaziba njia ya hewa. Vipande viwe ukubwa wa ndimu. Juu nikalaza mpira wa maji uliotobolewa kwa msumari wa moto, maji yanadondoka taratibu, chini yanakingwa na kurudishwa kwenye ndoo. Maji kwetu ni ya mgao, siwezi kuyaacha yapotee.

Na ile feni? Niliirudisha, safari hii kwenye tundu la juu la ukuta wa pili, ikitazama nje. Inatoa hewa ya moto iliyokusanyika darini, na hewa mpya inalazimika kupita kwenye mkaa uliolowa. Maji yakikauka juu ya mkaa yanachukua joto la hewa inayopita, na hewa inaingia na unyevu wake. Nilisimama na kiganja mbele ya ule mkaa saa nane mchana nikahisi ubaridi wa mtungi. Kipimajoto: 26. Nilimwita mume wangu aje asome mwenyewe.

Dada yangu wa Mbagala alinakili kila kitu, akapata kuta zinazotoka jasho na joto lile lile. Kosa si lake. Hewa ya Dar imeshashiba unyevu wa bahari, haina nafasi ya kunywa maji ya mkaa. Hewa ya Dodoma ina kiu. Nilimwambia, "Dada, ondoa mkaa, ezeka makuti juu ya bati, uache hewa ipite." Sasa amepanda uyoga mamama wa rangi ya waridi, ambao huvumilia joto kuliko huu wangu mweupe.

Mimi mchumo wa kwanza nimepata kilo 22. Mfuko uliotangulia kutoa ni ule ulio karibu kabisa na mkaa.