Baridi ya Julai ilinidanganya: nilivyopata volti za kuishi nazo

Ilikuwa Oktoba, saa nane mchana, na mabati ya kibanda changu pale Mwanjelwa, Mbeya, yanapasuka kwa jua. Video ya sendoff ilikuwa imefika asilimia 91 kurenda (kompyuta kuiunganisha iwe faili moja la mwisho), mama wa binti yuko njiani kuja kuchukua flashi, mara skrini ikageuka bluu. Nikawasha, nikaanza upya. Ikafa tena. Mama akafika, akakaa kwenye stuli, akaniuliza kwa ule upole unaouma kuliko ukali: "Mwanangu, si ulisema ipo tayari?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mashine hiyohiyo mwezi Julai niliitesa usiku kucha na haikutikisika.

Prosesa yenyewe, yaani ubongo wa kompyuta, ni Core i5-2500K ya Intel, toleo la mwaka 2011. Ndiyo, ni bibi kizee. Niliipata mtumba kwa bei nafuu, na hiyo K ya mwisho ina maana kizidishio chake, namba inayozidishwa na kasi ya msingi ili kupata kasi ya prosesa, hakijafungwa. Kiwandani inatembea 3.3 GHz, na viini vyote vinne (sehemu zake zinazofanya hesabu) vikibeba mzigo pamoja inajipandisha hadi 3.4. Ukiingia BIOS, ile menyu ya mipangilio kabla kompyuta haijawaka kabisa, ukabadili kizidishio kuwa 45, kwa kuwa kasi ya msingi ni 100 MHz, umepata 4.5 GHz. Kuovakloki, yaani kuikimbiza prosesa kuliko kasi ya kiwandani, ndiyo huko, mtoto wa sekondari anaweza. Shughuli iko kwenye volti: kasi ikipanda prosesa inadai volti zaidi, na volti ndizo zinazoleta joto na uchakavu.

Julai ile nilifika 4.7 GHz kwa volti 1.42. Chumba kilikuwa nyuzi 12, mimi nimevaa koti na kofia ya sufu, Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa hesabu nzito, ikazunguka hadi asubuhi, na kiini cha moto kuliko vyote hakikupita nyuzi 66. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia binamu yangu wa Dar. Akajibu, "Nyie huko mna kiyoyozi cha Mungu." Nikavimba kichwa.

Nilisahau hesabu ndogo sana. Hitisinki, lile pande la mapezi lenye feni linalokaa juu ya prosesa, haiipozi kufikia nyuzi fulani maalumu. Inaipoza kulingana na hewa ya chumba. Kama prosesa ilizidi chumba kwa nyuzi 54 Julai, itazidi kwa karibu hizohizo Oktoba. Chumba kikiwa 31, tayari ni 85. Ongeza vumbi la kiangazi lililojaa kwenye mapezi ya hitisinki, nikakuta 89. Prosesa hii ikifika 98 inaanza kujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo nilikuwa nimebakiza hatua chache tu. Isitoshe, kasi iliyotulia kwa volti fulani ikiwa baridi inaweza kukosa utulivu kwa volti zilezile ikiwa moto. Ndiyo ile skrini ya bluu.

Halafu kuna jambo ambalo binamu wa pwani halijui. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Feni inazungusha ujazo uleule wa hewa, ila uzito wake ni mdogo, kwa hiyo inabeba joto kidogo kuliko ingebeba Dar. Kiyoyozi cha Mungu kipo, lakini kina makato yake.

Baada ya kumkabidhi mama kazi yake (saa mbili usiku, na punguzo juu) niliamua kuanza upya. Fundi mmoja aliniambia, "Kaka, usiogope, kampuni yenyewe imeandika mwisho ni 1.52." Nami nilikuwa nimeiona hiyo namba kwenye waraka wa kiufundi wa Intel. Ila ukisoma vizuri, 1.52 ni mwisho wa jedwali la volti ambazo prosesa inaweza kuomba kutoka kwenye madabodi, ile bodi kuu inayoilisha umeme. Hakuna panaposema ukae nayo kila siku. Ni kama spidi mita ya daladala iliyoandikwa 180. Jaribu uone kama unafika Uyole.

Namba ya pili inayopotosha ni 72.6. Hiyo ndiyo nyuzi ya juu ambayo Intel waliitaja kwa 2500K, lakini inapimwa katikati ya kifuniko cha chuma, si ndani ya kiini. Programu kama Core Temp na HWiNFO zinasoma kiini chenyewe, ambacho siku zote kina moto kuliko kifuniko. Ukizichanganya hizo mbili utaogopa bure, au utajipa moyo bure.

Nikachukua daftari. Joto ambalo prosesa inalitoa (si nyuzi zinazosomwa), kwa makadirio, linakwenda na kasi mara volti mara volti tena. Nilipolinganisha 4.7 kwa 1.42 na 4.3 kwa 1.28, ile ya kwanza ilitoka na joto la ziada la karibu theluthi moja, kwa kasi iliyozidi asilimia 9 tu. Kwa kazi yangu: video iliyokuwa inachukua saa 3 na dakika 20 kwa kasi ya kiwandani, inachukua kama saa 2 na dakika 38 kwa 4.3. Kwa 4.7 ni saa 2 na dakika 25. Yaani nilikuwa nachoma prosesa ili niokoe dakika 13, ambazo nazitumia kunywa chai.

Hapo ndipo nilipoweka mipaka yangu. Ni yangu, kwa prosesa hii. Mwenye toleo jingine asiinakili, kwa sababu kila kizazi kina volti zake. Volti zisizidi 1.30, zikisomwa wakati wa mzigo. Joto lisizidi 75 kwenye Prime95, na jaribio lifanyike mchana wa Oktoba, mlango umefungwa. Nilichagua Prime95 kwa makusudi kwa kuwa inachosha kuliko kurenda kwenyewe. Ikikaa humo, kazi halisi ina nafasi ya kupumua.

"Zikisomwa wakati wa mzigo" nimelisisitiza kwa sababu lilinigharimu wiki nzima. Volti unazoweka BIOS si lazima ndizo zinazofika. Mzigo ukiingia zinashuka kidogo, ni kawaida. Madabodi nyingi zina mpangilio wa kufidia huo mshuko, na mimi Julai niliuweka juu kabisa, nikidhani natenda wema. Matokeo yake CPU-Z, programu inayosoma volti, ilikuwa inaonyesha 1.44 nilipoweka 1.42. Na mzigo ukiachia ghafla, volti zinaruka juu kwa muda mfupi mno kiasi kwamba programu haizioni, ila prosesa inazipata. Nimeurudisha katikati.

Kosa jingine lilikuja upande wa pili. Nilitaka volti zishuke mashine ikitulia, ndipo nikaacha volti za kudumu nikatumia mpangilio unaoongeza au kupunguza kiasi fulani kwenye volti ambazo prosesa yenyewe inaomba. Nikapunguza mno. Prime95 ilipita vizuri, kurenda kukapita, kisha mashine ikafa nikiwa nasoma barua pepe! Ilishuka hadi 1.6 GHz kupumzika, volti zikashuka chini ya inachohitaji. Nikaongeza punje, ikatulia. Tangu siku hiyo jaribio langu lina sehemu ya kuiacha mashine imewaka bila kazi usiku mzima, na asubuhi natazama kama HWiNFO imeandika makosa ya WHEA. Hayo ni makosa ambayo prosesa imeyakamata kimyakimya bila kuanguka. Hata moja likiwepo, napunguza kizidishio, siongezi volti.

Miezi ile ya 1.42 imeacha alama? Nadhani ndiyo. Umeme mwingi kwenye joto kali unasogeza chembe za metali ndani ya nyaya nyembamba za prosesa, kidogo kidogo, na hazirudi. Baada ya kusafisha vumbi na kubadili pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, nilijaribu 4.7 kwa 1.42 asubuhi moja ya baridi, na safari hii haikumaliza nusu saa.

Sasa iko 4.3, inasoma 1.28 kwenye mzigo. Oktoba iliyopita, mchana, mlango umefungwa, Prime95 ilifika 72, na kurenda hakukupita 66. Nimeandika kwenye daftari chini ya namba za mwaka uliotangulia, zilikuwa 72 na 65. Feni ya mbele ya kasha ndiyo imeanza kulia kama mlango mkavu, hiyo naishughulikia wiki hii.