Ukungu ulirudi baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho

Mama alitolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyoingia ukungu, upande wa kulia, akawekewa lenzi bandia. Wiki nne alitia matone bila kukosa, usiku akilala na kinga ya plastiki, ndoo hakuigusa. Akaona vizuri mno. Alichambua mchele mwenyewe, akiokota chuya moja moja.

Mwaka wa pili ukungu ukarudi. Taa za bodaboda usiku zilimtawanyikia kama anatazama kupitia kioo chenye mvuke. Zahanati wakampa matone tena, miezi miwili ikapotea, na hilo bado linaniuma. Mtoto wa jicho harudi, maana lenzi ya asili imeshatolewa. Kinachoingia ukungu ni utando mwembamba ulioachwa uishike lenzi mpya. Chembe hai za lenzi ya zamani zilizobaki huota juu yake.

Daktari bingwa wa macho alimtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia, kisha akautoboa ule utando kwa mwanga wa leza. Dakika chache tu, bila kisu. Akampima presha ya jicho, akatuonya: akiona vimweko vya ghafla au kivuli kama pazia, turudi siku hiyo hiyo.

Kesho yake, akiwa bado kitandani, alinisomea tarehe kwenye kalenda ya ukutani.