Kabla tovuti ya mtaa haijazimika

Linaloniuma zaidi ni tovuti nzuri ya habari za mtaa kuzimika kwa sababu jina lake la mtandaoni, yaani anwani yake, halikulipiwa. Jina linaloishia .co.ke au .or.ke lina muda wake. Likisajiliwa kwa baruapepe ya kijana mmoja ambaye baadaye amehamia Nairobi, ilani ya malipo haiwafikii waliobaki Kisumu. Tumieni baruapepe ya kikundi, na watu wawili wawe na nywila.

Halafu picha. Ya simu huweza kufika MB 4, na msomaji wa Nyalenda mwenye bando dogo ataondoka kabla haijafunguka. Ipunguzeni hadi upana wa pikseli 1200, isizidi KB 150. Nakala ya tovuti nzima ihifadhiwe kila wiki, nje ya seva yenyewe, yaani kompyuta inayoibeba tovuti.