Breidi kwenye rili: kabla hujailaumu breki

Kaskazi ikianza na bahari ikitulia, hapa kibandani pangu Mtaa wa Biashara, Mombasa, huanza kuja watu ambao hawana nguo ya kushona. Wamekuja kuuliza uzi wa kuvulia. Siuuzi, wala sina duka. Wanajua tu kwamba jioni nafunga cherehani na kutoka na rodi, basi wanaona mtu anayeshinda na nyuzi mchana kutwa hakosi la kusema. Na kweli sikosi.

Swali huwa lile lile: ninunue breidi gani, yaani uzi wa kusukwa? Nikiuliza unakwenda kuvua nini, na rili yako, hicho kifaa cha kukunjia uzi kwenye rodi, ni ya ukubwa gani, wengi hunijibu kwa bei.

Mtu akishika boksi husoma ratili, yaani uzito ambao uzi unaweza kuuhimili. Ratili 80! Anaona ameshapata uzi wa kumtoa papa. Mimi ratili naziacha mwisho, maana boksi la bei rahisi huandikwa chochote. Natazama unene. Wajapani wana kipimo chao cha unene kiitwacho PE, ambacho makampuni mengi sasa huchapisha: PE 1 ni kama milimita 0.165, PE 2 ni 0.235, PE 3 ni 0.285, PE 4 ni 0.33. Kwa rili ya ukubwa wa 5000 au 6000 ya kurushia kolekole kutoka ufukweni, PE 3 yanitosha. Anayepanda mashua kushusha chambo cha chuma kwenye kina kirefu achukue PE 3 au 4. Huna kifaa cha kupimia? Zungusha uzi kwenye penseli mara 20, mizunguko ikiwa imebanana, kisha weka rula. PE 3 inafaa ikupe karibu milimita 6. Ukipata 9, ile ratili umeuziwa kwa unene tu.

Kuna jaribio jingine nalipenda zaidi. Breidi halisi husukwa kwa nyuzi za polyethilini ngumu, zile zinazouzwa kwa majina kama Dyneema na Spectra, nazo ni nyepesi kuliko maji. Kata kipande, kilowanishe kwa vidole mpaka hewa itoke, kizamishe kwenye glasi. Kinafaa kielee. Nailoni huzama, poliesta huzama haraka zaidi. Zipo breidi zinazotengenezwa makusudi zizame, lakini hizo huandikwa hivyo kwenye boksi. Ikizama bila kuandikwa, irudishe dukani.

Nne au nane? Ya nyuzi nane ni mviringo, laini, hupita kwenye pete za rodi bila kelele na huruka mbali. Ya nyuzi nne ni kavu mkononi na yapiga kelele, lakini kila uzi wake ni mnene zaidi, kwa hiyo hustahimili kusuguliwa kidogo zaidi, na bei yake ni ya binadamu. Anayerusha kutwa anunue nane. Wazee wa mshipi wa mkono nawaambia wabaki na nailoni yao nene. Breidi ikikazwa na chewa hukata kidole mpaka mfupa.

Sasa kijana wa Likoni na breki yake, ile sehemu ya rili inayozuia uzi usitoke ovyo. Alikuja na rili ndani ya mfuko wa plastiki, uso umemshuka. “Ami, breki imekufa. Kolekole kavuta, nimekaza mpaka mwisho, na bado uzi watoka.” Alitaka nimwelekeze kwa fundi. Nikaishika bobini, pale uzi unapokunjwa, kwa mkono mmoja nisiiache izunguke, nikauvuta uzi kwa mkono wa pili. Uzi wote ulizunguka kwa pamoja juu ya chuma, kama kilemba juu ya kichwa kilichopakwa mafuta. Breki ilikuwa nzima kabisa. Breidi inateleza na hainyumbuki, na yeye alikuwa ameifunga moja kwa moja kwenye bobini tupu.

Dawa yake ni nailoni chini. Mizunguko michache yatosha kuzuia kuteleza, ila mimi huweka zaidi ili kuokoa pesa: rili kubwa humeza mita 300 na mimi sihitaji zaidi ya 200. Ili ujue nailoni kiasi gani, tia breidi kwanza kwenye bobini ya akiba ya ukubwa ule ule, ongeza nailoni mpaka ijae, halafu geuza vyote kwenda kwenye bobini yako. Breidi inakuwa juu, kipimo kimetimia.

Na ukitia, ukaze. Hapa ndipo watu huvunja kazi. Mtoto ashike kigurudumu cha uzi kwenye bisibisi, wewe ubane uzi kwa kitambaa kilicholowa, ubane hasa, mpaka mkono uchoke. Uzi uliolegea huzama katikati ya mwenzake samaki akivuta, halafu ukirusha tena unakwama na chambo chako bandia kinakatika na kwenda zake. Ukimaliza, bonyeza kwa ukucha: pakiwa pagumu, sawa. Acha milimita 2 hivi chini ya ukingo. Ukijaza mpaka juu, wakati wa kusi upepo utakusukia kiota cha ndege kwa mrusho wa kwanza. Na kila ukirusha, funga waya wa rili, ule unaouelekeza uzi kwenye bobini, kwa mkono na uvute uzi kidogo kabla ya kuzungusha.

Mbele weka lida, yaani kipande cha uzi kati ya breidi na ndoana, ya nailoni au fluorokaboni ya ratili 60 hadi 80, mita 2 au 3. Matumbawe ya Nyali hayana huruma: breidi iliyokazwa ikigusa tu, imekwenda. Unganisha breidi na lida kwa fundo liitwalo FG, ulikaze kwa mate. Kwa nguru na mzia ongeza kipande kifupi cha waya, meno yao ni mkasi. Breki yenyewe ipime kwa mizani ya kuning’iniza: kwa PE 3, kilo 5 zatosha.

Ukirudi, suuza kwa maji matamu. Maji ya kisima ya kisiwani nayo yana chumvi, kwa hiyo tumia ya mtungi, nusu lita tu. Rangi ikikwajuka si kitu. Ukiona manyoya, kata mita hizo. Mbele kukishachakaa, geuza uzi wote. Upande uliokuwa chini haujaona jua bado.