Kuchora wanywa kahawa kwenye karatasi ya kahawa

Karatasi nyeupe inamchelewesha mchoraji wa kijiweni. Inabidi aijaze ngozi yote kivuli kabla uso haujaanza kuonekana, na mnywaji wa kahawa chungu hasubiri: funda chache, kashata moja, kaondoka. Ukiipaka karatasi kahawa mapema, rangi ya katikati unayo tayari. Zinabaki kazi mbili tu, giza na mwanga.

Tumia manila nyeupe nzito. Karatasi ya fotokopi ikilowa hujikunja, hainyooki tena. Bandika kingo zote nne ubaoni kwa tepu ya karatasi. Koroga vijiko vitatu vya chai vya kahawa ya kuyeyuka katika mililita 100 za maji moto, yaani kama nusu kikombe; kijiko kimoja kinatosha ukitaka rangi ya mchanga. Kahawa ya kijiweni nayo inafaa, maana haitiwi sukari, ila ichuje kwa kitambaa mara mbili. Machicha yakibaki, penseli inaruka kila inapokutana na chembe. Yenye sukari usiiguse: karatasi itanata, na sisimizi wataifuata hadi ndani ya begi.

Paka kwa brashi pana, mkono uende upande mmoja, na usirudie palipoanza kukauka. Hapa ndipo karatasi nyingi zinapoharibika. Ukingo wa tone la maji hukauka haraka kuliko katikati, kwa hiyo maji ya katikati hukimbilia pembeni yakibeba rangi yake. Ndiyo maana kitako cha kikombe kikiacha alama mezani, duara lake huwa jeusi pembeni na ndani pamepauka. Dimbwi dogo ulilolisahau kwenye karatasi litafanya vivyo hivyo, na duara hilo likikatiza shavu, mzee wa watu ataonekana ana kovu. Kwa hiyo lifyonze kwa kitambaa kikavu mapema. Anika kivulini, kisha ilaze chini ya vitabu usiku kucha. Wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, hewa ya pwani ya Mtwara haikaushi upesi. Karatasi ikifungiwa na unyevu inaota ukungu.

Kijiweni, Mikindani au mjini, nenda baada ya swala ya alasiri. Jua limelala upande mmoja na kofia zinatupa kivuli kizuri usoni. Agiza kahawa kwanza, kisha, "Shikamoo wazee, naomba nikae hapa nichore." Asiyetaka kuchorwa, mwache, wala usimwibie kwa pembeni. Hilo kwangu halina mjadala.

Wacheza bao ni hazina. Wanainama, wanasambaza kete, wanarudi palepale, kwa hiyo mkao ulioukosa utauona tena baada ya muda mfupi. Anza na mstari wa mgongo, toka shingoni hadi benchi, kwa penseli ya 2B. Aliyekaa wima ana urefu wa vichwa vinne hivi toka utosini hadi alipokalia; aliyeinamia bao hufika vitatu tu. Wengi hukuza kichwa kwa sababu ndicho wanachokitazama zaidi. Mashimo 32 ya bao usiyahesabu, chora mwinamo wa ubao na mashimo machache karibu na mkono.

Giza la penseli ya 4B, iliyo laini na nyeusi kuliko 2B, liweke chini ya ukingo wa kofia, chini ya kidevu, na kati ya vidole na kikombe. Penseli nyeupe iguse sehemu tatu au nne tu: mfupa wa shavu, ncha ya pua, mdomo wa kikombe, bega la kanzu. Ukizidisha, uso unakuwa kama umepakwa unga.

Mkono wenye jasho huyeyusha kahawa na kuacha madoa, hivyo weka kipande cha karatasi kavu chini ya kiganja. Rangi za maji pia huikoroga. Kalamu ya kawaida ya wino haina shida. Mchoro uliokamilika usiutundike panapopigwa na jua, kwa kuwa kahawa hupauka, na ule weupe ulioupigania usoni utamezwa na karatasi.