Nani atakipiga we ukiwa haupo

Jumapili, saa tano usiku, umeme upo, nyumba imelala, na mimi bado nasikia sauti ya ba'mdogo.

Alikuja Jumatano kumjulia hali mama. Alipomaliza salamu nikamvuta chumbani nikamwonyesha boksi langu la kutoa milio, lile nililoanza kabla ya mfungo, kopo la biskuti lenye aisi moja ndani, kile kidude cheusi chenye miguu ya chuma, na volyumu sita juu. Miezi minne hiyo. Nimeungua vidole, nimeua aisi mbili kwa kuzishika hovyo mpaka nikajifunza kugusa chuma kwanza nitoe umeme wa mwilini ndo niziguse, na nilitaka mtu wa kwanza kulisikia vizuri awe yeye kwa sababu ndani ya ukoo huu fundi ni yeye, alianza kutengeneza redio enzi ambazo huku bara hata TV hakuna, redio ndo kila kitu.

Akasimama mikono nyuma. Nikawasha, nikazungusha ya kwanza, ya pili, nikaziachia zote sita zilie pamoja. Kama dakika hivi. Hakugusa kitu.

"Umetengeneza mwenyewe?"

"Mwenyewe ba'mdogo."

"Sasa kinanda hiki, we ukiwa haupo, nani atakipiga?"

Nikamjibu, "Si nitakipiga mwenyewe."

"Haya."

Akarudi sebuleni kunywa chai. Basi.

Hiyo "haya" nimelala nayo, nimepanda nayo daladala, nimekaa nayo kwenye kikao Alhamisi mpaka bosi akaniuliza kama naumwa. Ukiweka uzito kwenye "nani" inakuwa tusi, yaani nani mwenye akili zake atahangaika na kelele hizi. Ukiweka kwenye "haupo" inakuwa kitu kingine kabisa, maana tangu baba atutoke ba'mdogo anaongea hivyo, kila kitu kwake ni nani atabaki nacho. Nimeirudia kwa sauti bafuni, nikiigiza alivyoisema, na kila nikiirudia inazidi kupotea, sasa hivi sina uhakika hata kama alisema "nani" au "na nani". Kazini mkataba umeongezwa mwaka, Ijumaa Rehema kavalishwa pete na nyumba ilijaa mpaka uani, mambo makubwa kweli na nimefurahi, ila nikiwa nagawa soda kwa wageni kichwani nilikuwa bado Jumatano.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilitaka kumweleza na sikumweleza. Nilitaka kumwambia kwamba ile aisi ina geti sita, yaani saketi ndogo sita, na kila geti ukilipatia rezista moja na kapasita moja linaanza kupiga lenyewe, kapasita ikiwa kubwa sauti inashuka, ikiwa ndogo inapanda. Na kwamba ndivyo kampuni ya Roland walivyofanya kwenye TR-808, mashine yao ya ngoma, kati ya 1980 na 1983, milio ya chuma ya mashine ile, hayo matoazi ambayo dunia nzima imeyachezea, yanaanzia kwenye osileta sita, saketi zinazojipigia zenyewe za namna hii hii, ambazo hazijapatanishwa, zinagombana kwa makusudi, halafu unachuja sauti nzito yote unabakiza ncha kali. Kengele yake inachukua mbili tu, moja kama 540 kwa sekunde na nyingine kama 800. Vipuri vyenyewe unavibeba kwenye ngumi moja! Mimi nikilisikia hilo nataka kulia. Nilitaka na yeye alisikie.

Jana mchana nikaitoa redio ya baba uvunguni, ile National, nikitaka kuazima spika yake nijaribishie. Nikafungua mfuniko wa nyuma. Ndani ya mfuniko kuna maandishi ya penseli, mwandiko wa ba'mdogo, herufi zimelala kulia kama zake zote:

"3/91. Kapasita ya filta imekauka. Nimeweka 1000, volti 25. Muungurumo umeisha."

Chini yake, kalamu nyingine: "8/96. Nyekundu ni spika. Ya kijani usiguse."

Nikakaa chini sakafuni. Sio kwamba aliyaandika ili mwenye redio asome, baba alikuwa hafungui redio. Aliyaandika kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yake, ambaye hamjui, ambaye labda hajazaliwa. Nikaligeuza boksi langu nikaliangalia kwa macho yake. Volyumu sita zinafanana, hakuna herufi hata moja, sehemu ya kuchomeka umeme hakuna alama ya chanya wala hasi, na mimi mwenyewe nimeshasahau ipi inaendesha ipi, kila nikikaa naanza kwa kuzungusha zote kutafuta. Na hapo ndo nikagundua alikuwa ameliita kinanda. Mama analiita lile bati. Rehema analiita kelele zako. Yeye alisema kinanda, na alisema kukipiga. Siku nne nimelirudia lile neno na sikuwa nimelisikia.

Halafu ule muungurumo. Na mimi ninao. Nikitumia betri boksi liko safi, nikichomeka adapta linavuma chini kwa chini, nimekuwa nikiukata kwenye laptopu baada ya kurekodi nikijiambia ndivyo vitu vya kutengeneza nyumbani vilivyo. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, ukipita kwenye dayodi nne za adapta inakuwa 100, na 100 inakaribia sana noti ya G, ndo maana biti zangu zote za mwezi huu nilijikuta nazipigia G bila kujua kwa nini. Adapta ni ya zamani, niliitoa kwenye spika mbovu. Nikaifungua. Kapasita imevimba juu. Nikachomoa, nikaweka 2200 niliyokuwa nayo, nikawasha nikiwa nimeshika pumzi.

Kimya. Kimya kabisa, mpaka nikadhani nimeua aisi ya tatu, mpaka nilipozungusha ndo likalia.

Nimeandika kwenye selotepu ya karatasi, kila volyumu na namba yake, kila kapasita na ukubwa wake, chanya na hasi, na ndani ya mfuniko nimeweka tarehe na nilichobadili, kwa penseli. Usiku nikarekodi toazi la kwanza lisilo na mvumo nikaliweka kwenye biti ya singeli, mwendo 210, nikasikiliza mpaka saa nane.

Ba'mdogo sijampigia. Mtu mzima humuulizi "ulimaanisha nini", nadhani nitampelekea tu boksi alifungue mwenyewe.

Dawa za presha za mama nimezihesabu jioni alipokuwa anaswali. Tulichukua 30 tarehe 1, anameza moja kwa siku, leo tarehe 14. Zimebaki 23. Nimehesabu mara mbili.