Lori la "Presently"

Barua ililetwa na bodaboda saa mbili asubuhi, Agosti 2009, msimu wa mavuno pale Hombolo. Mnunuzi wa zabibu za mvinyo alikuwa ameandika Kiingereza cha kizee, sentensi tatu, na ya mwisho ndiyo iliyotuponza: "Our lorry will be with you presently."

"Mbukwa, mwalimu. Hebu tusomee," mzee mwenye shamba akaniambia.

Nikatafsiri bila kusita: "Lori litakuwa hapa sasa hivi."

Mikasi ikatoka. Kufikia saa sita kreti arobaini zilikuwa zimepangwa kivulini. Lori likaja kesho yake, alasiri. Zabibu si ndizi. Ikishakatwa haiivi zaidi, inanywea tu. Kreti za chini zilikuwa zimepondeka, maji yanachuruzika, nyuki wamejaa, na harufu ya uchachu imeshaanza. Bei ikashushwa hapo hapo.

Nilikuwa nimelikatakata neno: "present" ni sasa, "-ly" inalifanya kielezi, basi ni "kwa sasa". Hesabu yenyewe haina ujinga. Shina lake ni la Kilatini, praesens, kilichopo mbele yako, na liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa cha kale. Zamani Waingereza walilitumia kwa maana ya papo hapo. Katika Biblia ya King James ya 1611, Mathayo 21:19, "presently the fig tree withered away". Katika Biblia yetu mtini "ukanyauka mara". Kisha binadamu wakafanya yao: mtu anasema "papo hapo" huku bado anatafuta viatu. Neno likalegea, likawa "punde". "Soon" na "anon" yalipita njia hiyo hiyo. Yote mawili yalianza na maana ya mara moja.

Tusiwacheke. Muulize kondakta stendi gari linaondoka lini. Atakujibu "sasa hivi", nawe utamaliza mahindi mawili ya kuchoma kabla injini haijawashwa. Kama shambani wangeichukua "sasa hivi" yangu kama ya kondakta, zabibu zingepona. Lakini la barua huaminiwa.

Maana ya "sasa" nayo haikufa. Uskoti na Marekani wanaitumia mpaka leo. Kwa hiyo kitazame kitenzi. "He is presently in Dodoma": yupo Dodoma hivi sasa. "He will presently be in Dodoma": atafika punde. Likifungua sentensi ya jambo lililopita, kama "Presently she came out", ni baada ya kitambo kidogo. Barua yetu ilikuwa na "will", na hiyo ndiyo niliyoiruka. Ukiwa unaandika wewe, liache kabisa: kwa maana ya sasa kuna "now" na "currently", kwa maana ya punde kuna "soon". Kwenye biashara ya kitu kinachooza, andika siku na saa.

Ndivyo tulivyomwandikia mnunuzi jioni ile: atutajie siku na saa ya lori la pili. Jibu likaja baada ya siku mbili. Lori, alisema, litafika "shortly".

Mzee akaniangalia. Mikasi ikabaki ukutani mpaka tuliposikia honi.